Mchele wa Somoe

Boko, Jumamosi jioni

Mwanangu Somoe,

Sanduku lako nimelifunga kwa kamba ya katani kwa sababu lile kufuli silipi heshima yoyote, na viatu vyako vya kufunika nimevishindilia magazeti visije vikakunjika. Mambo ya safari yamekwisha. Sitakuandikia kuhusu baridi wala kuhusu wanaume, na sala zako unazijua. Hayo utaambiwa na kila mtu kesho uwanja wa ndege, na kila mmoja atajiona ndiye wa kwanza kuyasema. Mimi nakuandikia kuhusu chakula. Nimekuwa mpishi kwenye nyumba za watu tangu bendera ya Uhuru haijapandishwa, kwa hiyo usitegemee baba yako akuandikie kuhusu siasa.

Wewe na Shangazi Hadija mmetoka kuwaaga majirani, nami nimebaki mezani na chai iliyopoa. Kesho alfajiri nitakupa barua hii mkononi. Uisome uani, peke yako, kabla hujaingia kunywa chai. Hilo nakuomba, na sababu yake utaiona mwishoni.

Nianze na ile sushi, maana najua bado unanicheka. Mama Haruko, ambaye ndiye ninayempikia kule Msasani, alisema msichana anayekwenda kwao Japani kusomea samaki hawezi kuondoka bila kuionja. Nikakubali, lakini si kwa kukurupuka. Nilimuuliza wali unatiwa nini, akasema siki, sukari na chumvi. Nikauliza siki ya nini, akasema ya mchele. Zile karatasi nyeusi za kuviringishia ni mwani uliokaushwa, na mwani mtu wa pwani hauogopi. Samaki nilimnunua mwenyewe feri asubuhi, jodari ambaye jicho lake lilikuwa bado linaniangalia. Nilipomaliza kuuliza nilijiona kidume. Nilikwambia maneno haya mbele ya watu: kula mwanangu, hiki chakula kimeumbwa kwa ajili yako.

Ukala. Kila kipande ulikichovya kwenye ule mchuzi mweusi wa soya mpaka Mama Haruko akasema unaunywa kama chai. Jioni ulikuwa umejikunja kitandani, tumbo limejaa kama ngoma, na midomo imegeuka rangi ile ninayoijua tangu utotoni mwako, kila ulipoguswa na ngano. Ulilala siku tatu.

Nilipokwenda kazini nilimweleza Mama Haruko. Sikumlaumu, nilitaka tu ajue. Hakubisha, wala hakusema labda ni maji, labda ni joto. Aliketi kwenye kiti cha jikoni akafikiri, kisha akashika shavu.

"Mzee Saidi," akasema, "ni mchuzi. Nyumbani kwa bibi yangu tulikaanga ngano, tukaponda, tukachanganya na soya, tukaweka ndani ya pipa. Mimi mtoto nilisaidia kukaanga. Najua tangu zamani. Sikukumbuka. Ni mimi nimemwumiza Somoe."

Akasimama akainama mpaka nywele zikafunika uso. Mke wa bosi, anamwinamia mpishi. Sikujua niangalie wapi. Nikatoka nje kwenye mabomba nikanawa uso, na ukweli ni kwamba nililia, Somoe. Nililia kilio cha mtu mzima, kile cha kubana meno. Nitakwambia nililia nini, lakini ngoja kwanza tumalize la sushi, maana hilo ndilo litakalokukuta wiki hii hii.

Sikukatazi. Nakuandikia ili uile na ubaki mzima. Chumvi nimekutilia kwenye kikopo kile cha maziwa, ndimu utapata za kwao. Kipande cha samaki kikinyunyiziwa chumvi na kukamuliwa ndimu hakina cha kulilia mchuzi mweusi, na wakikucheka waambie kwenu ndivyo. Mama Haruko anasema uko mchuzi wa soya usiotiwa ngano, mzito kidogo, lakini wako wanaotia kiasi na bado wakauita hivyo hivyo, kwa hiyo uulize kila chupa na si mara moja tu. Kile kipande cha yai tamu kina mchuzi ndani yake. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, hupakwa mchuzi kabla hajafika kwako. Ipo pia nyama ya kaa ya bandia, nyeupe ina ukingo mwekundu, inapendeza kama pipi. Ile ni samaki aliyesagwa akashikizwa kwa unga. Vya kukaangwa vyote vimevaa ngano. Hata siki, ukiwa mgeni mahali, uliza ni ya mchele mtupu au imechanganywa. Na usimwonee haya mkataji: mwombe afute kisu na ubao, anawe mikono, ndipo akukatie wewe. Anayejua kazi yake hatakasirika. Mimi nikiombwa hivyo humheshimu aliyeniomba.

Wakati wa joto watakuletea chai ya baridi, rangi ya kahawia, badala ya maji. Kila mtu ataimimina kama maji. Ile ni shayiri iliyokaangwa, na shayiri ni ndugu wa damu wa ngano. Wewe omba maji. Kuhusu samaki mbichi sitakufundisha sana kwa sababu ndicho unachokwenda kusomea, ila usile mbichi samaki wa mtoni hata akikupa mkuu wa chuo, maana ana minyoo, na utumbo wako hauna nguvu za kupigana vita viwili. Na siku ukiwa na homa au damu imepungua, usijaribu kitu kipya. Kula wali wako mweupe ulale.

Neno la kwanza la Kijapani ulijue, kabla hata ya asante, ni komugi. Ndiyo ngano. Mama Haruko amenifundisha mimi mzee, basi wewe halitakushinda.

Na jambo moja la mikono. Wali wao unanata vidoleni, usije ukaogopa. Kunata si kuvutika. Mchele unanata lakini ukiuvuta unakatika. Ngano ndiyo inayovutika, inakwenda na wewe, inakataa kuachia. Ile inayovutika ndiyo inayokuumiza, na ndiyo iliyonifungua macho mimi nyumba ya Temeke. Sasa nakuja huko.

Wewe hukumbuki ulivyougua. Mama yako alifariki hujaota meno, nikakupeleka kwa dada yangu Hadija, kwa sababu ndiye aliyenilea mimi pia. Nilipotoka Lindi, kijana sina hata shati la kubadilisha, yeye ndiye aliyenipokea Temeke, akanilaza sebuleni kwake, akanitafutia kazi ya kuosha vyombo kwa Wazungu. Kila nilichokuwa nacho nilikipata kupitia mlango wake. Ulipoanza kula mkate na chapati ukaanza kukonda. Tumbo mbele, miguu kama vijiti vya kiberiti. Watu walisema minyoo, wakasema mashetani ya upande wa mama. Tulichanja, tukafukiza, tukasoma. Mwisho daktari mmoja mzee wa watoto alikutazama muda mrefu, akauliza unakula nini asubuhi. Nikajibu kwa fahari: mkate, daktari, mimi nafanya kazi kwa Wazungu, mwanangu hakosi mkate. Akasema mkate ndio unaomuua.

Tukaacha ngano na shayiri. Mihogo, viazi, ugali, wali. Miezi michache mashavu yakarudi, ukaanza kukimbizana na wenzio uwanjani. Hadija alifurahi kuliko mimi. Akasema, "Mtoto wa kula mchele? Basi amefika. Mie ndo mama wa vitumbua Temeke nzima." Na kweli, hakuna aliyepika vitumbua kama yeye. Mchele unalowekwa usiku, unatwangwa alfajiri, unatiwa tui na hiliki. Mimi nilikuwa naamshwa na kinu chake.

Kisha ikaja miaka ile ya foleni. Hiyo unaikumbuka: unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, sabuni kwa zamu, kusimama kwenye duka la ushirika bila kujua mbele wanauza nini. Mchele ukaadimika. Bosi niliyempikia wakati ule alikuwa na njia zake, na kila Ijumaa alinipa mfuko mdogo wa mchele. Sikuonja hata punje. Niliupeleka Temeke moja kwa moja nikamkabidhi dada yangu, nikamwambia huu ni wa Somoe, wa kumpikia na wa vitumbua vyake. Mimi nililala kazini siku nyingi, kwenye chumba cha uani, ndiyo maana yote yalikuwa mikononi mwake. Mara ya kwanza aliweka mkono wake juu ya kichwa chako akaapa, "Haki ya Mungu, Saidi, ngano haitagusa mdomo wa huyu mtoto nikiwa hai." Sikumwomba aape. Aliapa mwenyewe.

Ukaanza tena kukonda.

Nilikupeleka kwa daktari, akauliza kama kuna ngano, nikamwambia haiwezekani, chakula chake kiko kwa dada yangu. Akauliza nimeona kwa macho yangu? Nikakasirika. Wewe ni mtoto wa kwetu, unajua: mwanamume hafunui chungu cha dada yake. Unakaa mkekani, unaletewa chakula kimefunikwa kawa, unasema bismillahi. Kuchungulia jiko la dada ni kumwambia kwamba humwamini au ana njaa, na yote mawili ni matusi. Daktari alikuwa hajui hayo, nikamwona hana adabu.

Siku moja ulinivuta shati ukaninong'oneza: "Baba, vitumbua vya Shangazi vinaniuma." Nami nikakwambia, "Usimseme vibaya shangazi yako." Ulikuwa na miaka kama kumi na miwili. Hukusema tena. Uliletewa ukala, kwa sababu nilikufundisha kwamba chakula cha mkubwa hakikataliwi. Ulikuwa unajua kuliko daktari na kuliko mimi, na niliufunga mdomo uliokuwa na habari. Hilo ni langu, sitaki kulitupia mtu mwingine.

Kuna siku bosi alisafiri, nikarudi Temeke asubuhi bila kutegemewa. Kitu cha kwanza nilichokigundua ni ukimya. Kinu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kikavu, kuku amekaa ndani yake. Lakini vitumbua vilikuwa vinapikwa, na wateja wamejaa barazani. Wewe ulikuwa umelala ndani. Mama Chausiku, jirani wa mlango wa pili, alikuwa anakula. Alimega kitumbua chake, nikaona kwa macho yangu kinavutika. Hakikukatika. Kilirefuka kidogo kati ya vidole vyake kabla ya kuachana. Mimi nimeshakanda maandazi ya Wazungu maisha yangu yote, siwezi kukosea pale.

Nikachukua kimoja nikakivuta. Nikachukua cha pili.

"Dada," nikasema, "hivi ni vya mchele?"

"Vya mchele, wallahi," akajibu bila kupepesa macho, mkono unaendelea kumimina.

Nikamwangalia Mama Chausiku. Akatazama chini, kisha akasema polepole, "Kaka Saidi, mchele uko wapi siku hizi? Sie wote tunajua anachanganya na ngano. Tulidhani na wewe unajua."

Sie wote. Maneno hayo ndiyo yaliyonivunja mgongo. Mtaa mzima ulikuwa unajua ninachokula na anachokula mwanangu, nami nilikuwa napita kila Ijumaa nikiitikia salamu kama mtu mwenye akili zake.

Nikamuuliza dada yangu mchele ninaoleta unakwenda wapi. Hapo ndipo alipoweka upawa chini. Akasema, "Saidi, nyumba hii inaingia watu. Balozi wa nyumba kumi anakuja, wakwe wanakuja, nitawawekea yanga? Nitatembea wapi na uso wangu? Mtoto nampa vya kuchanganya kidogo tu, azoee. Mbona anakula na hafi?"

Mbona anakula na hafi. Nimeishi na maneno hayo, Somoe. Naosha vyombo yananijia.

Na sijamaliza. Nilipokuwa nimesimama pale, ilinirudi kichwani kwamba kila Ijumaa, baada ya kukabidhi ule mfuko, nililetewa sahani ya wali mweupe wa nazi, umefunikwa kawa. Nilikula nikasifu. Nilimwambia dada, mkono wako hauna mfano, na wali huu umeupata wapi wakati huu wa shida? Akacheka akasema, "Riziki, mdogo wangu, kula." Ulikuwa mchele wako. Alinipa mimi mchele wako, akakupa wewe ngano, na mimi nikamshukuru. Kudanganywa ningevumilia. Lakini yeye alinilisha mwanangu kwenye sahani na akakaa kunitazama nikitafuna.

Ningependa kukwambia alikuwa na roho mbaya, ingekuwa rahisi. Hakuwa nayo. Alikuosha, alikusuka, ulipokuwa na homa hakulala. Alikuwa anakupenda, na usimruhusu mtu akwambie vinginevyo, hata mimi nikiwa na hasira. Alikupaka mafuta na akakulisha sumu kwa mkono ule ule. Hakuamini tu kwamba kitu ambacho watu wanapigania foleni kinaweza kumuumiza mtoto. Na kati ya wewe na uso wake mbele ya wageni, alichagua uso.

Baada ya siku tatu tulihama. Wewe ulijua tumepata kiwanja Boko, kwamba serikali inataka watu walime, na baba anataka shamba la mihogo. Mihogo kweli tulipanda. Lakini watu hawahami Temeke penye umeme kuja porini, vumbi la kiwanda cha saruji linaanguka kwenye majani, kwa ajili ya mihogo. Ulilia mwaka mzima. Uliniita mtu mkatili. Ulikuwa unasema, na juzi umesema tena mbele ya mwalimu wako, "Baba alinitenga na mama yangu." Ukoo mzima ulinijia juu: Saidi kapata pesa za Wazungu kamtupa aliyemlea. Kwenye msiba wa mjomba walinisema mbele za watu, dada yangu akiwa ameketi pale pale, kanga kichwani. Nilimwangalia. Nilisubiri aseme neno moja tu. Alirekebisha kanga.

Nikanyamaza, kwa sababu alinilea. Na kwa sababu sikutaka umpoteze mama wa pili. Nikadhani ipo siku atakwambia mwenyewe. Nimemsubiri miaka yote hii. Sasa unajua kwa nini nililia kwenye bomba la Mama Haruko. Hakuwa ndugu yangu, hakuninywesha hata kikombe cha uji nilipokuwa sina shati, na alisema "ni mimi" kabla maji ya chai hayajachemka.

Kwa nini nakwambia leo, unapoondoka? Kwa sababu kule hutalishwa na maadui. Adui hakupikii. Utalishwa na mama wa nyumba utakayopanga, ambaye atakuita binti yake. Na rafiki ambaye amehangaika kutwa nzima. Na labda siku moja na mume, na mama wa huyo mume akikutazama usoni. Kila mmoja atasema "nimetia kidogo tu" au atasahau kusema. Nawe utakuwa umekaa mkekani na adabu zako zote nilizokufundisha mimi. Hizo za chakula, Somoe, nakuomba uziache hapa Boko. Niko tayari waseme binti wa Saidi hana adabu. Uliza. Funua. Omba uone chupa. Tumbo lako likikwambia kitu, usilifungie mdomo kama nilivyokufungia. Anayekupenda atakasirika kidogo kisha atazoea. Nami sina tena subira na mapenzi yasiyotaka kuulizwa swali.

Sasa la leo.

Mchana ulipokuwa umekwenda kusukwa, Shangazi yako aliingia na mfuko wa ukili. Unajua hajakanyaga Boko zaidi ya mara mbili. Akatoa mkate wa kumimina, ungali wa moto, akauweka mezani juu ya sahani.

"Nimemletea mtoto wa safari," akasema. "Wa mchele."

Nikauangalia mkate, naye akaendelea:

"Mchele nimeuchambua mwenyewe, nimeuloweka, nimeutwanga kwa kinu changu. Mikono hii haioni vizuri siku hizi lakini imetwanga. Chungu nimenunua kipya, hakijaguswa na kitu."

Akaumega mbele yangu. Ulikatika, Somoe. Ulikatika vile mchele unavyokatika, chembechembe zikaanguka mezani. Akaukata kipande akala, akakitafuna polepole huku akinitazama, akanisogezea sahani.

"Haya, na wewe."

"Nimeshiba, dada."

"Hujashiba, Saidi. Una miaka hujala kwangu."

Akaufunika mkate kwa kawa. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Baadaye dada akauliza, "Umeshamwambia?"

"Bado. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. Amezeeka, mwanangu, mpaka nikaona haya kwa hasira yangu, kisha nikaona hasira kwa ile haya. "Mwambie wewe," akasema. "Mie siwezi. Ananiitaga mama. Akijua asipotaka kula mkate wangu, sitamlaumu. Mie nitaelewa."

Basi hata leo ameniachia mimi. Amepata nguvu za kutwanga na za kupanda basi kutoka Temeke, za kusema hakuzipata. Ndiyo sababu unaisoma kwenye karatasi na si mdomoni mwake. Sijui kama nitamsamehe. Nimejaribu jioni hii. Mlipotoka nimeufunua ule mkate, nikaumega tena, nikauvuta, ukakatika. Nikaumega mahali pengine, ukakatika. Ni mchele mtupu, baba yako anakuthibitishia, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua duniani. Nikatia kipande mdomoni. Umepikwa vizuri mno, una hiliki ile ile. Nilishindwa kumeza. Nimekwenda kuutema nyuma ya nyumba kama mwizi.

Mimi umenishinda, lakini mimi si wewe, na mkate haukuletwa kwangu. Ukimaliza kusoma utaingia ndani utamkuta ameketi anakusubiri, ameshajifunga kanga yake nzuri ya kwendea uwanjani. Mkate utakuwa mezani chini ya kawa. Hatakuambia ule. Ukitaka kula, kula, na mimi sitanuna. Ukitaka kuuacha, uache, na umbusu mkono twende zetu.

Lakini kawa ufunue wewe mwenyewe, mwanangu. Kisha uumege, uuvute, na yeye aone unauvuta.

Baba yako,
Saidi